Nionyeshe Kichwa, na Kucha Pia

Vua kofia. Katika maisha yangu ya kazi nimetamka maneno hayo mawili mara nyingi kuliko salamu, na kila nilipoyatamka mtu mzima aligeuka mtoto. Mtu yuko tayari kuvua shati, yuko tayari kuvua hata kile ambacho hukumwomba avue, lakini kofia ataishika kwa mikono miwili kana kwamba chini yake amemficha kuku wa wizi. Mimi nilikuwa afisa tabibu wa ngozi hapa Moshi mpaka magoti yalipogoma. Wagonjwa waliniita Mama Vichwa. Nimeshika vichwa vya wachungaji na vya wapiga debe, vya maharusi na vya wafungwa, na ninaweza kuwahakikishia kwamba mba hauna dini wala cheo.

Nawaandikia nyie mnaosomea utabibu sasa. Juzi mmoja wenu alinitembelea nyumbani, akaniamkia vizuri, akanywa chai yangu, kisha akanisogezea simu yenye picha ya kichwa kilichonyonyoka baka. "Bibi, hii ni nini?"

"Hii ni picha," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza mwenye kichwa yuko wapi, kama kinawasha, kama kucha zake amezitazama. Kijana akaanza kuitazama chai. Wajukuu zangu, simu ni kitu kizuri, hata mimi ninayo, lakini haina vidole. Huwezi kupapasa picha ukajua kama ngozi ni laini au ina magamba.

Ugonjwa aliokuwa akiuliza vitabu vinauita alopesia areata. Kwa Kiswahili hatujakaa tukakubaliana jina, kwa hiyo kila mtaa umeupa la kwake, na mengi ya majina hayo ni kesi dhidi ya jirani. Kinga ya mwili, hao askari wetu wa ndani, wanaamka siku moja wamekosea adui. Badala ya kupiga vijidudu wanaushambulia unywele kwenye shina lake. Shina halifi, linasusa tu. Linaweza kususa miezi kadhaa kisha likarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea, au likasusa moja kwa moja, na hakuna awezaye kuapa litafanya lipi. Atakayekuapia ana chupa ya mafuta anataka uinunue.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Anael, mtu mwenye masikio makubwa na subira ndogo. Nilipokuwa mgeni kazini aliniita nimtazame mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa na kipara kidogo cha mviringo katikati ya ndevu. Nikatazama kwa mbali, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyekwishafaulu mtihani: "Mapunye."

Mzee Anael akamgeukia mwalimu. "Pole sana. Huyu amekupa ugonjwa wa wanafunzi wako."

Kisha akanivuta mpaka dirishani pamoja na mwalimu mwenyewe, maana aliamini jua la dirishani kuliko taa yoyote ya serikali. "Mapunye hayana adabu," akasema. "Yanaacha magamba, yanawasha, yanakata nywele ovyo kama panya aliyeingia kwenye gunia, na mtoto mara nyingi anavimba mitoki shingoni. Haya, hapa gamba liko wapi? Kovu liko wapi? Pitisha kidole."

Nikapitisha. Laini kama yai lililomenywa. Nilipotazama kwa lenzi niliona vitundu vya nywele vyote vipo mahali pake, vimekaa wazi kama viti kabla ya ibada. Hilo msilisahau. Vitundu vikiwapo, nywele zina pa kurudia. Ukikuta ngozi imeng'aa kama plastiki na vitundu vimezibwa, hilo ni kovu, ni ugonjwa mwingine, na hapo kimbia umtafute daktari bingwa.

"Sasa tazama ukingoni," akasema mzee. Pembeni mwa lile baka kulikuwa na vinywele vifupi vilivyokatika, vinene juu, vyembamba chini kwenye shina. Vitabu vinaviita nywele za alama ya mshangao. Mzee Anael hakujali vitabu. "Umewahi kuona mgomba mnene juu, mwembamba chini?"

"Ndiyo, mzee."

"Unafanywaje?"

"Unawekewa nguzo."

"Unywele hauna nguzo. Utaanguka. Ukiviona hivi ukingoni, ujue moto bado unawaka, baka litapanuka." Kisha akamwambia mwalimu atoe mikono. Nikadhani anataka kumuaga. Kumbe anatazama kucha. Zilikuwa na vishimo vidogo vidogo vilivyopangana, kama mtu amezidonoadonoa kwa ncha ya sindano. "Kucha na nywele ni ndugu," akasema. "Ukimpiga mmoja, mwingine analia. Siyo kila mara, lakini usipotazama hutajua."

Tangu siku hiyo sikumwachia mtu aondoke bila kunionyesha mikono. Tazama nyusi pia. Tazama kope. Na kama mtu ana mvi, usishangae: ugonjwa huu unazipenda nywele nyeusi, mara nyingi unaziruka nyeupe, kwa hiyo mtu anaweza kuamka amekuwa mzee kwa wiki chache, na akaenda kumlaumu mkewe. Nywele zikirudi, nazo huanza zikiwa nyeupe. Waonye mapema, la sivyo watarudi kukushtaki kwamba umewazeesha.

Halafu kuna yanayofanana na ugonjwa huu lakini si ndugu zake. Yule mwanamke aliyenyonyoka kuzunguka paji la uso, muulize anasuka nini na anabana vipi. Nimeona akina mama waliovutwa nywele mpaka macho yakawa ya Kichina, wananiuliza vitamini gani inapungua. Inapungua huruma ya msusi, mama. Kaswende nayo hula nywele, lakini hula kama nondo kwenye sweta, huku kidogo, kule kidogo. Hapo pima damu, na usimuulize maswali mzee wa kanisa mkewe akiwa amekaa pembeni. Mwenzangu mmoja aliuliza. Mkoba wa yule mama ulikuwa na kitu kizito ndani, hatukujua ni nini, lakini mgongo wa mzee wa kanisa ulijua.

Lakini kichwa nilichotaka kuwasimulia ni cha Haika.

Ilikuwa katika miaka yangu ya mwisho kazini. Haika alikuwa binti wa Kirua Vunjo, mwalimu wa chekechea, anayesubiri sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa. Akashuka mjini, mtaa wa Majengo, kwa msusi anayeitwa Zaina, mwanamke ambaye vidole vyake vilisifiwa mpaka huko juu milimani. Zaina alipoanza kuchambua nywele akaona baka nyuma ya sikio, la mviringo, tupu. Akachambua utosini akaona jingine. Msusi mwingine angefunika kwa rasta na kusema asante karibu tena. Zaina aliweka kitana chini. "Mdogo wangu, hapa sisuki. Nenda kwanza hospitali."

Wema huo ndio uliomponza Zaina. Haika hakwenda hospitali, alikwenda kwa shangazi yake. Shangazi Foibe ndiye aliyemlea. Alikuwa mjane, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kihamba cha jirani, ng'ambo ya migomba. Alitoa hukumu kabla chai haijapoa: Zaina amemchoma mtoto kwa dawa kali, au amechukua nywele zake kwa shughuli anazozijua mwenyewe. Akairekodi hukumu hiyo kwa sauti yake, akaituma kwenye kundi la wasapu la kamati ya sendofu. Mnazijua kamati za sendofu. Habari ikitua humo, hata theluji ya kilele cha Kibo inasikia.

Haukupita muda saluni ya Zaina ikabaki na viti na nzi. Mtu akaandika neno "mchawi" kwa mkaa mlangoni pake. Na upande wa bwana harusi nao wakaanza kuuliza, kwa adabu ile inayouma kuliko tusi, kama binti hana maradhi yanayofichwa.

Zaina angeweza kukaa ndani akalia. Badala yake alifunga saluni, akapanda mpaka Kirua, akasimama uani kwa Shangazi Foibe. "Twende hospitali sote watatu," akasema. "Wakisema ni mimi, sitashika kitana tena."

Ndivyo walivyoingia chumbani mwangu. Haika mbele, amejifunga kitenge kichwani, macho yamevimba. Zaina nyuma, amekunja mikono. Katikati Shangazi Foibe, amevaa wigi zuri lililochanwa, na kabla sijakaribisha mtu kiti alikuwa ameshaanza.

"Daktari, huyu! Huyu hapa! Mtoto alikuwa na nywele kama nyasi za masika, ameingia kwake mzima, ametoka hivi!"

"Mama, nilizikuta hivyo," akasema Zaina.

"Ulizikutaje kama hukuzitoa?"

"Shikamoo, daktari," akasema Haika, kwa sauti ya mtu anayeomba aruhusiwe kufa.

"Marahaba, mwanangu. Vua."

Alivua. Nilimpeleka dirishani. Mabaka matatu, laini, hayana gamba wala kovu. Ukingoni migomba ya Mzee Anael ilikuwa imejipanga. Nilishika kishungi kidogo cha nywele karibu na baka, nikavuta taratibu, zikatoka bila kupigana. Kwenye kucha za vidole viwili nikaona vishimo. Nilimuomba ruhusa, akakubali, nikamwita Zaina na shangazi waje watazame kwa lenzi.

"Dawa ya nywele ikikuchoma," nikawaambia, "inaacha kidonda, inaacha gamba, inauma. Hapa hakuna hata kimoja. Hii ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Huyu msusi hajafanya kitu ila kuwa wa kwanza kuona."

Zaina alikaa chini ghafla kama mtu aliyekatwa kamba.

Nikauliza lile swali tunalouliza siku zote, maana kinga inayokosea adui hupenda kuzunguka ndani ya ukoo mmoja. "Kwenye ukoo kuna mwingine aliyewahi kunyonyoka hivi? Rovu la shingo? Mbalanga ya ngozi?"

"Kwetu?" Shangazi Foibe alisimama. "Kwetu hakuna! Kwetu watu wanazikwa na nywele zao! Huyu ndiye wa kuulizwa!" Akanyoosha kidole kumwelekea Zaina, kikapita mbele ya pua yangu, katika jua lile lile la dirishani.

Nami, kwa mazoea, nikautazama ukucha.

Ulikuwa na vishimo vilivyojipanga safu kwa safu. Nikatazama na vidole vingine. Kisha nikapandisha macho nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu alipoingia: nyusi zake zilikuwa za wanja. Zilichorwa vizuri sana, lakini mtu akikasirika nyusi hupanda, na za kwake zilipanda zikiwa zimechelewa.

Wajukuu zangu, hapa ndipo kazi yetu inapopimwa. Ningeweza kupaza sauti nikashinda kesi mbele ya wote, na nakiri ulimi uliniwasha. Lakini siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa hata akiwa hajajua kwamba ni mgonjwa wako. Nikamwomba Zaina ampeleke Haika akanywe maji. "Mama, wewe baki kidogo, unisaidie jambo."

Mlango ulipofungwa nikauliza, "Kucha zako zilianza lini?"

"Hizi? Ni za jembe."

"Jembe halitoboi kucha zote kumi, mama yangu. Jembe lina kazi nyingine."

Alikunja vidole akazificha kucha. Kisha aliinuka, akasukuma komeo la mlango, akalivua wigi, akaliweka mapajani kama paka.

Hapakuwa na unywele hata mmoja. Kichwa kizuri, cha mviringo, kinang'aa, na vitundu vyake vyote vipo.

"Nilikuwa bibi harusi mchanga," akasema. "Zilianza kama za Haika, zikaisha zote. Mume wangu amekufa anadhani nalala na kilemba kwa sababu ya baridi."

Mimi nadhani marehemu alijua. Wanaume wanajua mengi, kinachowashinda ni kusema. Lakini sikumwambia.

"Na ulidhani ni nini?"

Akashika wigi kwa nguvu. "Hatukudhani. Tulijua. Kulikuwa na mama mmoja jirani, mjane, anaitwa Mama Aikaeli. Ndiye aliyenisuka nilipoolewa. Zilipoanguka, watu wakasema ni yeye. Mimi nikasema ni yeye. Mama mkwe wangu akaipeleka habari ukoo mzima. Watu wakaacha kumwamkia, wakaacha kuchota maji naye mfereji mmoja. Mwisho alifunga virago akashuka kwenye mji wa Himo." Akaligeuza wigi mapajani. "Daktari, kwa hiyo haikuwa yeye?"

Nimewahi kuwaambia watu wana kansa. Nimewaambia wana ukoma. Jibu lile fupi lilikuwa gumu kuliko yote.

"Haikuwa yeye, mama. Haikuwa mtu yeyote."

Hakulia. Aliuliza tu, "Hata kidogo?" kama mtu anayeomba apunguziwe bei.

"Hata kidogo."

Alirudisha wigi kichwani, likakaa upande, nikamnyooshea. Akatoka nje. Pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wote wanaongoja zamu, akamshika Zaina mkono. "Mwanangu, nimekukosea," akasema, na kwa sauti yake ile, ukumbi mzima ulisikia, pamoja na maabara. Akatoa simu papo hapo akarekodi kwa ile kamati ya sendofu: msusi hana kosa, ni ugonjwa wa ukoo, na ukoo wenyewe ni wangu mimi Foibe. Kisha akamwomba Haika msamaha pia, kwa kumficha jambo ambalo lingemwokoa asijione ameoza peke yake.

Haika nilimchoma zile sindano ndogo ndogo za steroidi, za kuituliza kinga, kwenye mabaka, zinauma kama siafu, akavumilia. Siku ya sendofu Zaina alimsuka mtindo ulioyaficha mabaka yote, akakataa kusema alivyofanya. Bwana harusi alipoambiwa ukweli alipapasa paji lake lililoanza kukimbilia nyuma, akasema, "Mimi zangu zinaondoka na hakuna aliyeitisha kikao." Nywele za Haika zilirudi, kishungi kimoja kikiwa cheupe kwanza. Baadaye baka jingine likatokea. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, unaaga bila kufunga mlango. Alinipigia simu, hakuwa analia.

Kuhusu Shangazi Foibe, yeye hakutaka sindano. Alisema kichwa chake kimeshazoea. Alitaka kitu kingine. "Nisindikize Himo," akaniambia. "Mimi nitaomba msamaha, wewe utaeleza mambo ya kitaalamu."

Mama Aikaeli alikuwa hai. Ana mgahawa njia panda, wanapokula madereva wa malori ya mpakani, mtori wake, supu ya ndizi, ni mzito unasimamisha kijiko. Kikongwe mwembamba, macho makali. Shangazi Foibe alisimama mlangoni ameshika jani la isale kwa mikono miwili, maana kwetu Uchagani aliyekosa akija na jani hilo hafukuzwi.

"Shikamoo, mama."

Yule bibi alimtazama, akalitazama jani. "Marahaba. Nilifikiri nyie wa Kirua mmesahau njia ya Himo."

Shangazi Foibe alifungua mdomo, sauti haikutoka. Yeye, wa sauti ile. Akafanya lililobaki: akavua wigi, mchana kweupe, mbele ya madereva na supu zao.

Mama Aikaeli aliweka mwiko chini. Akamzunguka taratibu, akakitazama kichwa pande zote kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kama ni mimi niliyekuloga," akasema, "basi kazi niliifanya vizuri. Hakuna hata mmoja uliobaki."

Dereva mmoja alipaliwa na supu. Shangazi Foibe alicheka, kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akapiga magoti pale pale kwenye saruji. Nikaanza kueleza habari za kinga ya mwili. Hakuna aliyenisikiliza.

Bibi alilipokea jani. Akalichomeka kwenye kikombe juu ya rafu ya vikombe, akajifuta mikono. "Nimelipokea. Lakini kusamehe ni kazi, na leo nina wateja. Kisu kiko pale. Menya ndizi."

Nilipoondoka kutafuta gari la kurudi Moshi, kiongozi wa akina mama wa kanisa alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kinang'aa juani, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, na Mama Aikaeli amesimama juu yake. "Unamenya nene! Unanitupia chakula!"

"Ndiyo, mama," anajibu. "Ndiyo, mama."

Wiki iliyofuata Zaina aliniambia kwamba Shangazi Foibe amerudi tena Himo, bila wigi, na safari hii amekwenda na kisu chake mwenyewe.